Nne Haishuki

1 Machi. Mvua: milimita 6.

Leo nimefungua daftari la mvua la shule, kama ninavyolifungua kila mwaka tarehe hii, na hili la kwangu nimelifungua kando yake. La shule ni la namba tu. Hili litabeba yale ambayo mwalimu wa hesabu haruhusiwi kuyasema mbele ya watoto.

Naitwa Kamikazi. Nafundisha sekondari huku Rugerero, nakaa Mbugangari, ukuta mmoja na Saidati mshonaji. Nilizaliwa Karagwe, tukarudi Rwanda nikiwa na miaka kumi. Kinyarwanda ndiyo lugha ya nyumbani, lakini hasira yangu inatembea kwa Kiswahili, kwa hiyo humu kila mtu atasema Kiswahili, apende asipende. Saidati peke yake nitamwacha aseme anavyosema, maana Kiswahili chake ni cha hapa hapa mpakani na hakihitaji msaada wangu.

Tarehe 30 Mei natetea tasnifu yangu ya shahada ya pili. Chuo kimeniongezea muda mara mbili, na barua ya mara ya pili imesema wazi kwamba hakuna ya tatu. Nisipopita safari hii, miaka minne ya Jumamosi imekwenda na maji.

2 Machi. Mvua: 11.

3 Machi. Mvua: 0.

5 Machi. Mvua: 19.

Saidati ameniuliza leo, sindano mdomoni: "We Kamikazi, kila Samedi unapanda bus. Ile masomo haiishake?"

Nikamwambia naandika juu ya namba moja.

"Moja tu?"

Moja tu. Nne. Alicheka mpaka nikaogopa atameza sindano.

Nikamweleza hivi, na naiandika kwa sababu sijawahi kuisema vizuri kama leo. Pima mvua ya kila siku. Kisha kila siku tafuta wastani wa tangu siku ya kwanza mpaka leo. Sasa una safu mbili, ya mvua na ya wastani. Kila namba izidishe kwa yenyewe, halafu jumlisha kila safu. Jumla ya wastani yaweza kuipita jumla ya mvua, lakini haiwezi kuipita mara nne. Inyeshe ya mawe, inyeshe manyunyu, inyeshe wiki nzima, mara nne haizidi. Na kama mvua haihesabiwi siku kwa siku bali inamiminika bila kukatika, badala ya kujumlisha unaweka intigrali, na nne ni ile ile.

"Na ni wewe ulivumbua?"

Hapana, hiyo ni ya watu wa zamani. Yangu ni kwamba ukizipa siku uzito tofauti, hii ihesabiwe zaidi na ile kidogo, nne bado inashika, mradi uzito wote ukijumlishwa hauna mwisho na hakuna siku inayojifanya mfalme mbele ya zote zilizotangulia. Halafu kuna Sura ya Tatu, ambayo ndiyo roho ya tasnifu: nne haishuki. Mtu akisema tatu nukta tisa inatosha, nitamtafutia mvua ya kumuumbua.

"Donc inafika ine?"

"Haifiki. Inakaribia tu."

"Haifiki, na haishuke?" Saidati akatoa sindano mdomoni. "Bon, nimeelewa. Iko sawa na mama-mukwe yangu. Kila siku iko njiani, hapana fika, na huwezi kusema haikuye."

Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita hawajawahi kunielewa haraka hivyo.

8 Machi. Mvua: 4. Chuoni. Msimamizi hakuwepo.

15 Machi. Mvua: 22.

Dr. Mbonigaba, msimamizi wangu, si mtu mbaya. Naandika hivyo ili niwe nimeandika. Alikulia Uganda, kazi yake ni takwimu za maji, anavaa tai hata siku ya umuganda, ile kazi ya jamii ya mwisho wa mwezi, na nilipofiwa na mama alikuja Rugerero kwenye tope na viatu vyake vya ngozi. Ndiyo maana leo nimeumia zaidi.

Nilimkuta ofisini na Igor. Igor nilimfundisha mimi. Miaka miwili alisoma nami kipimo cha mvua kila saa tatu asubuhi, akiandika kwa ile kalamu yake ya kijani, na hajawahi kukosea hata nusu milimita. Sasa ni msaidizi wa Mbonigaba, ana ndevu na kompyuta.

"Madamu, nina habari njema," Mbonigaba alisema. "Nne yako tumeishusha."

Nilikaa kabla ya kukaribishwa. "Imeshuka mpaka wapi?"

"Tatu na robo."

Igor akanigeuzia skrini. Alichukua madaftari yangu ya mvua ya miaka yote, akatunga na mvua zake za kubuni, maelfu kwa maelfu, nyingine za siku elfu moja, akazipa uzito anaoujua yeye, akaiachia mashine izunguke wiki mbili. Hakuna hata mvua moja iliyogusa tatu na robo.

"Siku elfu moja haitimii miaka mitatu," nikasema. "Uthibitisho uko ukurasa wa arobaini na moja. Umeusoma?"

"Nimeusoma. Unakwenda mpaka kusiko na mwisho." Mbonigaba akatabasamu. "Nani anakaa huko, Madamu? Mimi napima maji ya watu. Toa Sura ya Tatu, weka tatu na robo, sisi wawili tutajwe pamoja nawe. Utapita siku hiyo hiyo. Ukiibakiza, sisaini."

Nikamtazama Igor. Akatazama kibodi.

Nilisema maneno mawili matatu ambayo hayakuwa ya hesabu. Nikaondoka bila kuaga, na basi lilipofika Nyundo ndipo nilipogundua mwavuli wangu umebaki ofisini kwake. Sirudi kuuchukua. Bora ninyeshewe.

16 Machi. Mvua: 31. Nimepitia uthibitisho mara tatu. Hauna tundu.

18 Machi. Mvua: 27.

Naandika kwa ufupi ili nijisikie. Mvua yangu ya kuumbua inapungua taratibu mno, kila siku kidogo kuliko jana, lakini kwa uvivu, kama mgeni asiyetaka kuondoka. Kadiri ninavyoipunguzia mwendo, ndivyo jumla inavyosogelea mara nne: tatu na nusu, tatu nukta tisa, tatu nukta tisa tisa. Ila inadai siku. Kufika tatu nukta tisa tu, kwa uzito wa kawaida, nahitaji siku zisizopungua moja yenye sifuri kumi na tano. Tangu dunia iumbwe hazijapita siku nyingi hivyo. Na huyu ananiletea siku elfu moja!

Haba na haba hujaza kibaba, wanasema. Kibaba changu hakijai kamwe, na bado huwezi kukipunguza ukubwa. Hilo ndilo lililonifanya niipende hesabu hii, na sitalitoa kwa ajili ya saini ya mtu.

22 Machi. Mvua: 9. Sikwenda chuoni.

29 Machi. Mvua: 14. Umuganda, tumezibua mitaro. Saidati alichimba kuliko wanaume watatu.

2 Aprili. Mvua: 38.

Igor amenipigia. Sauti yake ya kubembeleza naijua tangu alipokuwa akiomba ruhusa ya kwenda kuangalia mpira.

"Madamu, Daktari hana ubaya. Anataka upite. Tatu na robo ni kali zaidi kuliko nne, si ndiyo? Namba ndogo ndiyo kali."

"Namba ndogo ya uongo si kali, Igor. Ni uongo mdogo."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, Madamu."

Mimi ndiye niliyemfundisha methali hiyo, siku timu yao ya hesabu ilipofungwa na watoto wa Nyundo. Nilikata simu. Msaliti.

7 Aprili. Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Kipimo nakisoma, hesabu sifanyi.

14 Aprili. Mvua: 41. Wiki nzima haikupumzika.

19 Aprili. Mvua: 17.

Nimekwenda kwa Profesa Teta, mkuu wa idara, mwanamke mwembamba asemaye polepole kiasi kwamba unadhani amesahau. Akafungua kanuni, akanisomea. Msimamizi anaweza kusaini kwa pingamizi. Hapo mtahiniwa anatetea, na jopo linaamua juu ya pingamizi lenyewe. Pingamizi likishinda, mtahiniwa amefeli. Hakuna masahihisho wala kurudia.

"Ukiitoa sura hiyo utapita," akasema. "Nakuambia kama mtu, si kama mkuu."

"Nikiitoa nitakuwa nimesaini kwamba nne inashuka."

Akafunga kanuni, polepole. "Basi leta fomu."

26 Aprili. Mvua: 25. Mbonigaba amesaini kwa pingamizi. Aliandika kwa mwandiko mzuri: Sikubaliani na Sura ya Tatu. Kisha akanipa mwavuli wangu. Alikuwa ameukausha na kuukunja, na hilo liliniudhi kuliko pingamizi.

27 Aprili. Mvua: 33.

Saidati amenigombeza leo mbele ya wateja. "Yewe Kamikazi! Mutu anakufungulia mulango, we unapita dirisha? Toa ile chapitre! Utasoma yako kwa nyumba, kimya, na diplôme iko kwa ukuta."

"Saidati, mteja akikuambia andika kwenye nguo kwamba ni pamba, na wewe unajua ni nailoni, utaandika?"

"Hapana."

"Basi."

"Ariko mi sina Dr. Mbonigaba juu ya kichwa yangu," akasema. Akanyonga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

30 Aprili. Mvua: 29.

3 Mei. Mvua: zaidi ya 100.

Nimeandika "zaidi ya" kwa sababu sijui. Usiku kucha bati lilipigwa kama lina deni. Asubuhi hakuna pikipiki iliyokubali kwenda Rugerero, nikatembea. Mto Sebeya umetoka kitandani, mashamba ya viazi yamekuwa ziwa jingine dogo, na watu wamesimama juu ya ukuta wa mawe ya volkano wakitazama magunia yao yakielea. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Darasa la mwaka wa nne lina maji mpaka magotini.

Kipimo cha mvua nilikikuta wima, kimejaa mpaka ukingoni, kimefurika. Kina milimita mia, basi. Zilizozidi zilikwenda zake. Nilisimama pale, sketi imeloa, nikakitazama kichupa kile, na badala ya kuhuzunika nikamkasirikia Mbonigaba upya. Hicho hapo kipimo chake! Kimejaa, naye anasema mvua imekwisha.

Alasiri tulihamisha madawati na wanafunzi. Mikono inauma. Lakini saa tatu kamili asubuhi nilikuwa nimesoma kipimo, hilo nalo liandikwe.

4 Mei. Mvua: 12.

10 Mei. Mvua: 20.

Leo naogopa, na sitaki kumwambia mtu.

Nilimwandikia Igor, kwa adabu, nikampa mvua yangu ya kuumbua: siku laki moja, uzito aliouchagua yeye mwenyewe. Kwa makadirio yangu ilipaswa kuvuka tatu na robo, si kwa mbali lakini ivuke. Igor ni mwaminifu kwenye hesabu, hilo siwezi kumnyima. Aliiendesha jioni ile ile akanitumia jibu: tatu nukta moja sita.

Haikuvuka. Nimekokotoa upya makadirio yangu, nimekokotoa tena. Yananipa karibu tatu na nusu. Uthibitisho unasema hivi, karatasi inasema hivi, mashine inasema vile. Mmoja kati yetu anadanganya na sijui ni nani. Kama ni mimi, nimeitupa miaka minne kwa kiburi.

11 Mei. Mvua: 8. Tatu nukta moja sita.

13 Mei. Mvua: 5. Wanafunzi wameniuliza kwa nini sitanii siku hizi. Nikawapa zoezi.

17 Mei. Mvua: 2. Inaanza kuchoka, na mimi pia.

22 Mei. Mvua: 1.

Naandika vidole vikiwa bado na chaki.

Nilikuwa kwa Saidati, nimekaa tu, maana nyumbani kuna karatasi. Akaja mwanamke mmoja wa hapa mtaani na gauni la harusi la dada yake mikononi. Kwapa limechanika, kulia na kushoto, mpaka ubavuni.

"Mama Saidati, tumeaibika! Ilimukaa vizuri hapa, si uliona? Kanisani pia vizuri. Alianza tu kucheza, krrr!"

Saidati akaligeuza gauni, akaingiza kidole kwenye tundu. Mimi nilidhani atamlaumu bibi harusi kwa kula. Hapana. Akasema, "Ni kosa yangu. Nilimupima akisimama. Sikumuambia ainue mikono. Mutu hapimwe akisimama tu, mambo ya nguo inakuya kisha."

Mambo ya nguo yanakuja baadaye.

Nilisimama ghafla, kigoda kikaanguka. Saidati akashtuka: "Ayi! Umeumwa na nini?"

Mashine ya Igor inapima mvua ikiwa imesimama! Siku ya mwisho ya mvua inapofika, inafunga hesabu. Lakini wastani haufi siku ile mvua inapokatika. Kesho yake hakuna tone, na bado kuna wastani: mvua yote iliyotangulia, igawe kwa siku moja zaidi. Keshokutwa, tena. Unapungua, unapungua, hauishi, na kila siku unaongeza kitu kwenye jumla. Uthibitisho wangu unaihesabu mikia yote hiyo. Igor ameikata.

Nilichukua chaki ya Saidati, nikaandika juu ya meza yake ya kukatia. Mvua ya siku moja tu, milimita moja, kisha ukame milele. Mashine ya Igor itasema: mvua moja, wastani moja, mara moja, kwisha. Lakini wastani ni moja, nusu, theluthi, robo, na kuendelea. Zidisha kila mmoja kwa wenyewe, jumlisha: moja nukta sita nne na kidogo. Mtoto wa mwaka wa pili anaweza kulikagua kwa kalamu.

"Unaandikia kwa kitambaa ya mutu!" Saidati akapiga kelele. Nikambusu shavuni. Mwenye gauni alitutazama kama wendawazimu wawili.

23 Mei. Mvua: 0.

Furaha ya jana ina mfupa ndani yake, na leo nimeumeza.

Kwa nini Igor afunge hesabu mvua ikikatika? Mtu makini kama yeye, mtu wa kalamu ya kijani? Nimefungua madaftari ya zamani ya shule. Mwaka baada ya mwaka, ukurasa wa mwisho ni wa tarehe 31 Mei, mstari umepigwa kwa rula, na chini yake mwandiko wangu: Mvua imekatika. Daftari limefungwa. Mwaka mmoja maneno hayo yako kwa kijani. Nakumbuka siku ile. Aliniuliza, "Madamu, na Juni tusiandike sifuri?" Nikamjibu, "Sifuri ya nini? Hakuna cha kupima."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Karibu miezi miwili nimemwita msaliti, kumbe alikuwa akinitii.

24 Mei. Mvua: 0. Naweza kunyamaza. Naweza kusema "programu ina kosa" na kuliacha kosa lilale mlangoni kwa Igor. Nimelifikiria wazo hilo siku nzima. Nimelikataa.

26 Mei. Mvua: 3.

28 Mei. Mvua: 0. Saidati ameniletea kitenge kilichoshonwa, cha kuvaa siku yenyewe. "Inua mikono," akaniamuru. Nikainua. "Ruka." Nikaruka. "Bon. Hii hata ukipigana haitapasuka."

29 Mei. Mvua: 0. Nimemwandikia Igor mstari mmoja: Mvua ikikatika, usifunge daftari, nilikufundisha vibaya. Hakujibu.

30 Mei. Mvua: 1. Niliisoma saa kumi na mbili, si saa tatu, kwa sababu ya basi. Nimeandika hivyo kwenye daftari la shule.

Jopo lilikuwa la watu watatu: Profesa Teta katikati, mzee mmoja wa takwimu kutoka chuo kingine, na Mbonigaba mwenyewe, tai ya bluu. Igor alikaa nyuma kabisa, kompyuta magotini.

Sura ya Kwanza na ya Pili zilipita kama maji. Kisha Teta akafungua ile karatasi ya mwandiko mzuri, akasoma pingamizi, akampa Mbonigaba nafasi.

Mbonigaba alisema vizuri, haki yake nimpe. Majaribio maelfu, wiki mbili za mashine, na hata mvua ya mtahiniwa mwenyewe, siku laki moja: tatu nukta moja sita. "Madamu anasema nne haishuki. Mashine imeiona ikishuka. Namheshimu, lakini huu ni ukaidi."

"Ni ukaidi," nikasema. "Na nimekuja nao."

Nikaandika ubaoni mvua ya siku moja. Nikamwomba mzee wa takwimu afuate kwa kalamu yake. Moja, robo, sehemu ya tisa, sehemu ya kumi na sita. Alipofika kumi alikwisha pita moja na nusu, akainua macho. "Na mashine inasema?"

"Moja," nikajibu. "Kwa sababu inafunga daftari mvua ikikatika. Na kabla hamjamlaumu mtu: desturi hiyo ni yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha aliyeandika programu hii kwamba Juni hakuna cha kupima. Alikuwa na miaka kumi na saba, aliniuliza swali zuri, nikamjibu kipumbavu."

Mbonigaba akaegemea mbele haraka. "Kwa hiyo, Madamu, unakiri kwamba data zako zina kosa."

"Data zina kosa. Nne haina. Nne haikutoka kwenye daftari, Daktari, imetoka ukurasa wa arobaini na moja, na mpaka leo hujaniambia mstari gani pale ni wa uongo. Niambie mstari mmoja. Ukiupata, nifelisheni sasa hivi, nitarudi Rugerero kwa miguu."

Alifungua tasnifu. Akaupata ukurasa. Tulimngoja. Nilihesabu pumzi zangu mpaka ishirini na saba, na kwa kila moja nilikuwa tayari.

Sauti ikatoka nyuma. "Profesa, naomba niseme."

Igor amesimama. Mbonigaba akageuka, akamwita kwa jina lake, kwa upole wa mtu anayetoa onyo. Igor hakukaa.

"Nimerudia jana," akasema. "Nimeacha daftari wazi. Mvua ile ile ya Madamu, siku laki moja, uzito ule ule." Akainua kompyuta. "Tatu nukta nne tisa. Nikaongeza siku, ikapanda. Nikaongeza tena, ikapanda tena. Tatu na robo haipo. Mimi ndiye niliyeitafuta na nasema haipo."

Mbonigaba alitazama ukurasa wa arobaini na moja muda mrefu zaidi. Hatimaye akaufunga. "Lakini nne yenyewe," akasema, nusu kwangu, nusu kwa tai yake, "bado haijafika."

"Haitafika," nikamwambia. "Ndiyo Sura ya Tatu."

Mzee wa takwimu alicheka kwanza. Teta akaandika kitu, polepole, kama kawaida yake, akasoma: pingamizi limekataliwa, mtahiniwa amepita, Sura ya Tatu ibaki neno kwa neno. Akaongeza kwamba kosa la daftari liandikwe kwenye kiambatisho. Nikasema tayari nimeliandika.

Nje nilimkuta Igor anafunga zipu ya begi ambayo ilikuwa imefungwa. Kazi yake hapo sidhani kama itakuwa rahisi tena. Nilitaka kumwambia mambo mengi, nikasema, "Bado unaandika kwa kijani?" Akacheka, akafuta macho, akasema ndiyo. Nikamkumbatia mbele ya chuo kizima.

31 Mei. Mvua: 0.

Umuganda. Saidati ametangaza mtaa mzima kwamba nimeshinda kwa sababu ya kwapa la bibi harusi, na kwa kweli sina la kumpinga.

Baada ya umuganda mkuu wa shule alituma ujumbe nipeleke daftari la mvua ofisini, limefungwa na kupigwa mstari, kama kila mwaka. Nimemjibu kwamba silipeleki. Akauliza kuna nini cha kuandika kwenye kiangazi. Nikamwambia aje kwenye kipimo saa tatu kamili nimwonyeshe.

1 Juni. Mvua: 0. Nimeandika.

2 Juni. Mvua: 0. Nimeandika. Igor amekuja kusoma nami.